Lori liende wapi kwanza Kyela ikifurika
Kaka umeuliza kwa nini kompyuta isipange tu lori la misaada ya mafuriko lianze kijiji cha karibu. Ukiiambia ipunguze kilomita peke yake, wale wa kule Matema, mbali ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanaweza kubaki wa mwisho kila siku, na daraja likikatika ndo kabisaa. Iambie ipunguze muda wa yule anayesubiri kuliko wote, halafu weka masharti, lori tani 10, dizeli kiasi gani, barabara ya Tukuyu inapitika au la. Njia ya simpleksi, yaani hesabu ya kutafuta mpango bora ndani ya masharti, ya mwanahisabati Mmarekani Dantzig, ipo tangu 1947, ila inaweza kukupa jibu lenye nusu, na huwezi kutuma nusu lori, magari lazima yawe namba kamili na hapo ndo hesabu inakuwa nzito kweli. Na unga, blanketi na dawa ya maji viwe Kyela kabla ya Machi jamani, mvua za kule hazisubiri mtu apakie.