Ndege Ikigeuzwa Njia: Kwa Wanaoanza Kazi Uwanja wa Ndege wa Kisumu

Mtakaohudumia abiria hapa Kisumu mtaiona siku ambayo ndege ya Nairobi inasikika juu ya mawingu ya radi yaliyotanda ziwani, inazunguka, kisha inaelekea Eldoret au inarudi ilikotoka. Abiria wataikasirikia kaunta yenu, nanyi hamtaweza kuwaeleza jambo msiloelewa.

Anzeni na mafuta. Kabla ndege haijaondoka, uwanja mbadala huandikwa katika mpango wa safari, na mafuta hupimwa kwa mafungu: ya kufika, ya dharura ndogondogo (kwa kawaida asilimia 5 ya yale ya safari), ya kwenda uwanja mbadala, na akiba ya mwisho ambayo kwa jeti hutosha kuzunguka dakika 30. Muda wa kusubiri mvua ipite hutoka katika ziada iliyopo juu ya mafungu hayo. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca iliyocheleweshwa mno angani iliishiwa mafuta karibu na New York, na watu 73 wakafariki. Kwa hiyo simsikilizi sana anayedai kwamba rubani angevumilia kidogo tu.

Eldoret ni jirani, lakini uwanja wake uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari ilhali wetu haufiki 1,200, hivyo mvua ya huku inaweza kukuta kule kukavu, na ukungu wa kule ukatukuta sisi tukiota jua.

Sababu nyingine haitokani na hewa. Uwanja wa Jomo Kenyatta una njia moja tu ya kurukia, kwa hiyo ndege moja iliyopasuka gurudumu hapo huwatawanya waliobaki angani, na moto wa tarehe 7 Agosti 2013 uliufunga uwanja huo, ndege zikapelekwa Mombasa na kwingineko. Abiria akizidiwa na ugonjwa, rubani hutafuta mahali penye njia ya kutosha na hospitali ya karibu.

Kazi yenu hasa huanza ndege ngeni inapotua kwetu. Ulizeni kwanza kama ngazi tulizonazo zinafika mlangoni mwake, kwa kuwa jeti kubwa husimama juu kuliko ndege tulizozizoea, na kama imetoka nje ya nchi, maana abiria hawashuki kiholela kabla maofisa wa uhamiaji na forodha hawajajipanga. Kisha ulizeni saa za kazi zilizosalia kwa marubani: zikiisha, ndege haiondoki hata mbingu zikiwa nyeupe, na hapo mtatafuta vitanda au mabasi. Msiwaambie abiria “dakika kumi tu” ili wanyamaze. Mama mwenye mtoto mchanga anahitaji kujua mapema kama atalala Kisumu, ili aulizie maziwa na nepi maduka yakiwa bado wazi.