Maswali na majibu: Mila, haki na kihamba cha baba

Haki za binadamu si mambo ya Wazungu? (Ngaramtoni)

Swali hili linarudi kila mwezi, na wanaouliza hawajawahi kutazama kura zenyewe. Tarehe 10 Desemba 1948 Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipita Umoja wa Mataifa kwa kura 48, hakuna aliyepinga, na nchi 8 hazikuegemea upande wowote. Mojawapo ya hizo 8 ni Afrika Kusini, chini ya serikali ya Wazungu wabaguzi. Aliyepigania ibara ya kwanza iseme "binadamu wote", isiwataje wanaume tu, ni Hansa Mehta wa India. Kweli, Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza na hatukuulizwa. Lakini Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 tumeuandika wenyewe Waafrika.

Mkataba huo unaibomoa familia? (Sakina)

Unailinda, ibara ya 18. Ibara ya 29 inakudai uwaheshimu wazazi na kuwatunza wanapohitaji.

Wahafidhina na waliberali, nani alisimama na haki? (Majengo)

Hakuna kambi iliyo safi. Wilberforce, mhafidhina wa dini, alilisumbua Bunge la Uingereza hadi biashara ya watumwa ikapigwa marufuku mwaka 1807. Sweden ya wapenda maendeleo ilipitisha mwaka 1934 sheria ya kuwafunga uzazi watu walioonekana hawafai kuzaa, nayo ikadumu hadi miaka ya 1970. Mimi nauliza sheria inamwangukia nani.

Kaka zangu wanasema binti hapati kihamba (shamba la ukoo la Kichagga), ndiyo mila. Nifanyeje? (Marangu)

Pole na msiba, dada yangu. Hukusema kama mzee aliacha wosia wala kama msimamizi wa mirathi ameshateuliwa. Wasomaji, hayo mawili yaandikeni kwanza, nimechoka kukisia.

Usitie saini muhtasari wa kikao cha ukoo kabla hujausoma wote. Ndio unaopelekwa mahakamani msimamizi anapoombewa uteuzi. Kama jina lako halimo kwenye warithi, weka pingamizi mapema, kabla vipande havijaanza kuuzwa.

Kuhusu mila: kanuni zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilimweka binti daraja la mwisho katika urithi na kumzuia kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya alisikiliza shauri la mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, mtu wa ukoo akataka lirudishwe. Jaji alisimamia haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, akasema mwanamke anauza kama mwanamume anavyouza. Mwambie wakili wako aanzie hapo.

Na waulize kaka zako hili. Mila iliyompa kitinda mimba wa kiume nyumba ya wazazi ilimpa na mzigo wa kumtunza mama. Sasa nyumba wanaidai wao, na mama anapelekwa kliniki na mabinti. Anayechukua nusu ya mila yenye faida na kuiacha ile yenye jasho hanishawishi kwamba anamheshimu babu yake.

Naweza kwenda mwenyewe Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, maana iko hapa Arusha? (Njiro)

Hapana. Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kupeleka kesi pale moja kwa moja, na hilo linaniuma sana. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo iliikuta Mali na kosa kwa sheria ya familia iliyoruhusu msichana wa miaka 16 kuolewa. Shauri la mirathi lipeleke Mahakama ya Mwanzo.