Shangazi, kumpenda Akothee ni kosa?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 22, nasoma chuo kikuu hapa Mombasa. Nampenda sana Akothee, yule mwanamuziki wetu wa Kenya, na si kwa nyimbo tu. Napenda anavyosema lililo moyoni bila kumwogopa mtu. Juzi kwenye chama chetu cha wanafunzi cha kutetea haki za wanawake nilimtaja kuwa mwanamke ninayemstahi, mwenyekiti wetu akacheka. Akasema mfeministi gani huyo anayemsifu mwanamke wa kuanika mapaja jukwaani na kujigamba kwa mali. Nyumbani nako mama hataki hata jina lake: eti mwenye watoto watano wa baba tofauti atanifunza nini? Mimi ni mpole, hata darasani siinui mkono. Je, nimepotoka? Na akija kutumbuiza huku, niende kwa siri? — Shabiki, Mombasa*

Marahaba mwanangu. Hujapotoka. Ila umezichanganya kesi mbili. Mama na mwenyekiti wako wanakukataza kitu kimoja, lakini hawasemi neno moja.

Mama anahukumu uzazi wa mwanamke, na hukumu hiyo ni ya kale. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alipoanza kuvuma Unguja wasiomtaka hawakuthubutu kusema sauti yake mbaya. Walimsimanga kwamba katoka shamba, hana nasaba, hana sura. Akawajibu kwa wimbo kuwa hasara ya mtu ni kukosa akili. Basi ukimwona mtu anajibu maneno ya mwanamke kwa kumhesabia watoto, jua maneno yenyewe yamemshinda. (Usimwambie mama yako hivyo. Mimi ndiye naweza.)

Na maneno yenyewe ni yapi? Akothee, ambaye jina lake halisi ni Esther Akoth, amesema hadharani, kwa kinywa chake, kwamba alipata mimba akiwa bado msichana mdogo akaacha shule. Ameeleza alivyoendesha gari la abiria hapo hapo Mombasa kabla ya kuwa mwanamuziki na mwenye kampuni ya utalii. Mwaka 2022 akahitimu shahada ya kwanza, mtu mzima, mama wa watoto wakubwa. Ameongea pia kuhusu msongo wa mawazo, jambo ambalo wengi wetu tungelificha chini ya godoro. Kenya ina sera ya kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua tangu 1994. Majirani zetu Tanzania waliondoa marufuku yao Novemba 2021. Lakini sera haimwondolei msichana aibu ya kupita mbele ya wenzake waliomwacha madarasa mawili. Mtu maarufu akisema "hata mimi", bila kulia wala kuomba radhi, anafanya kazi ambayo waraka wa wizara hauiwezi. Hilo ndilo ninalomstahi mimi.

Sasa mwenyekiti wako. Huyu ana hoja, usimpuuze. Majigambo ya mali ni sehemu ya huyo Akothee anayejiita Madam Boss, na mimi mwenyewe hunikinaisha. Mwanamke mmoja akitajirika, mfanyakazi wake wa nyumbani hajapandishwa mshahara kwa hilo. Swali la nani analipwa nini ni la kifeministi kabisa, mwache aliulize.

Ila kwenye mapaja naachana naye. Mwaka 2019 aliyekuwa mkuu wa Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya, Ezekiel Mutua, alimshutumu Akothee kwa uchezaji wake jukwaani, na Akothee akamjibu waziwazi. Mwenyekiti wako akianza kupima urefu wa sketi amehamia ofisi ile ile bila kujua. Wanaume wangapi wamevua mashati jukwaani, na chama chenu kikaitisha kikao?

Huna haja ya kumbeba Akothee mzima mzima. Taja jambo alilolifanya, useme unalipenda kwa nini, na lile usilolipenda uliseme pia.

Lakini kuna mstari umeupitisha kama kitu kidogo: darasani huinui mkono. Nadhani barua yako yote imo humo. Unampenda kwa sababu anasema, na akishasema unahisi kama umesema wewe. Hiyo ni raha, nami siwezi kukunyima, lakini mhadhiri wako hajakusikia bado. Mwombe mwenyekiti nusu saa kwenye kikao kijacho. Usiende kumtetea Akothee. Nenda na swali: mwanafunzi mwenye mtoto mchanga anapata nini chuoni kwenu? Pana chumba cha kunyonyeshea? Akiahirisha muhula, mkopo wake unakuwaje? Tafuta majibu kabla ya siku hiyo, uyaandike, usome kwenye karatasi. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke.

Kwa mama, acha kutaja msanii. Muulize siku mkichambua mboga: wale wasichana aliosoma nao waliopata mimba waliishia wapi? Kisha nyamaza umsikilize. Huenda akakutajia mtu wa karibu kuliko unavyodhani.

Kuhusu onyesho, nenda, lakini si kwa siri. Una miaka 22. Mwambie mama unakwenda wapi, na nani, na utarudi saa ngapi. Akikasirika, mwache akasirike hadi asubuhi. Na mwende zaidi ya mmoja. Usafiri wa kurudi usiku mpange mapema.

Shangazi