Jaza Fomu Kabla Barua Haijakufikia

Juma lililopita kijana mmoja wa kiwandani Pongwe aliniandikia kuniuliza kuna faida gani ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, ilhali kila mwezi atakatwa asilimia mbili ya mshahara. Swali hilo lilinichoma, kwa kuwa ni lile lile nililomuuliza katibu wa tawi letu aliponifuata kantini na TUF 6 mkononi, ile fomu ya kumruhusu mwajiri akukate ada ya chama. Aliniambia, "Mwanangu, hii huijazi kwa ajili ya leo." Nilimrudishia fomu yake bila kuisoma.

Miaka miwili baadaye niliachishwa kazi kwa madai ya kuharibu mashine ambayo zamu ile sikuigusa. Sikuitwa kujieleza, barua nilikabidhiwa getini. Kwa kuwa nilijua sina kosa, nilimwandikia meneja barua tatu, nikamfuata ofisa utumishi hadi nyumbani kwake, na kila mara nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Nilifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi siku ya 47, na hapo ndipo nilipoelezwa kwamba mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Niliomba kuongezewa muda, nikakataliwa. Mwenzangu tuliyeondolewa naye siku hiyo hiyo alikuwa mwanachama: katibu wa tawi alimjazia fomu ya kupeleka mgogoro Tume ndani ya wiki, akasimama naye mbele ya mwamuzi, na alilipwa fidia ya mishahara ya miezi 12. Nilimpongeza, lakini sitaficha kwamba usiku ule sikulala.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilikuwa nimelelewa na mzee aliyeyajua haya. Babu yangu alikuja Tanga kama manamba, akakata mkonge Mazinde, na mwaka 1958 alikuwa miongoni mwa waliogoma huko, miaka mitatu tu baada ya Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika kuundwa, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake. Mwaka 1964 shirikisho hilo lilivunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha kitaifa cha wafanyakazi, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Nadhani ndipo watu wetu walipoanza kukiona chama kama makato tu, na baba yangu alinirithisha mtazamo huo.

Basi vijana, jiungeni mkiwa bado mna kazi. Hudhurieni mikutano ya tawi, tunzeni nakala ya kila barua, andikeni tarehe mliyoipokea, na msikubali ahadi za mdomo ziwamalizie siku zenu. Mkifika zaidi ya nusu ya wafanyakazi, chama chenu kina haki ya kutambuliwa na mwajiri kuwa msemaji wenu katika majadiliano ya mishahara, na wanaokwepa kujiunga ndio wanaoichelewesha nusu hiyo, kama nilivyoichelewesha mimi.

Nawe kijana wa Pongwe, uliza katibu wa tawi lenu yuko zamu gani, umfuate kesho.