Niliambiwa mimi ni moto, nikaamini

Mkuu, umeuliza mtu anajuaje kama yeye ni moto, maji, upepo au udongo, na kama kujua huko kunamfaa kitu. Nitakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Kwa tarehe ya kuzaliwa mimi ni Asadi, yaani Simba. Simba ni nyota ya moto, pamoja na Hamali (Kondoo) na Kausi (Mshale). Mnajimu aliponisomea hayo nilikuwa bado kijana, nikatoka pale nimevimba kichwa. Kumbe nimepewa kisingizio. Nikimfokea mtu najitetea kwamba ndivyo nilivyoumbwa, nyota yangu ni moto. Mdogo wangu wa kike akaacha kunipigia simu, nami nikasema huyo ni udongo, mzito, hawezi kunielewa.

Miaka ikapita, mnajimu mwingine akanipigia hesabu kwa abjadi, yaani kila herufi ya Kiarabu ina namba yake: alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4, hivyo hivyo mpaka mwisho wa jina langu na la mama, kisha unagawa kwa 12 na kinachobaki ndiyo nyota. Jibu likaja Saratani. Kaa. Maji! Kwa tarehe nawaka, kwa jina nazima. Nilicheka, halafu nikaanza kuchimba haya mambo yalianzia wapi.

Empedocles, mwanafalsafa Mgiriki wa kisiwa cha Sisilia, karne ya 5 kabla ya Kristo, aliviita vinne hivi, moto, maji, upepo na udongo, mizizi ya vitu vyote. Alisema Upendo huviunganisha na Ugomvi huvitenganisha. Kwake yeye mfupa tu ni mchanganyiko, sembuse mtu mzima. Basi huyo "mtu wa moto" mtupu tumemtoa wapi? (Kisayansi habari hii ilishakwisha, mkemia Mfaransa Lavoisier alionyesha katika miaka ya 1780 kwamba maji yenyewe yameundwa kwa gesi mbili. Naitumia kama kioo, si kama dawa.)

Aliyenifungua macho hasa ni Aristotle, mwanafalsafa mwingine Mgiriki. Yeye alivipanga kwa hali nne: moto ni joto na ukavu, upepo ni joto na unyevu, maji ni baridi na unyevu, udongo ni baridi na ukavu. Kitu hugeuka kuwa kingine hali yake ikibadilika. Moto ukitaka kuwa upepo unabadilisha hali moja tu, ukavu. Ukitaka kuwa maji, lazima ubadilishe zote mbili, na hapo kazi ni ngumu na ya polepole.

Niliposoma hapo nikaiona miaka yangu mitatu iliyopotea. Baada ya ule ugomvi na mdogo wangu niliamua kuwa maji. Nikitukanwa kimya, nikidhulumiwa kimya, watu wakanisifu kwamba nimetulia kama maji mtungini. Ndani nachemka. Kila baada ya miezi kadhaa mfuniko unaruka, na aliyekuwa karibu ndiye anayeungua, mara nyingi hana hata kosa.

Tatizo langu halikuwa joto. Joto hilo hilo ndilo linaloniinua mtu mnyonge akionewa na wengine wote wameinamisha vichwa; silitupi. Tatizo lilikuwa ukavu. Kiswahili chenyewe kinalijua hili: tunasema jibu kavu, tunasema fulani ni mkavu wa macho. Mimi nilikuwa nasema kweli kwa ukavu, bila nafasi ya mwenzangu kupenyeza neno.

Kwa hiyo nikaacha kujizima, nikaanza kujilowesha. Kabla sijajibu, nauliza swali moja ambalo jibu lake silijui. Moja tu, na sharti lisiwe la mtego. Sauti yangu bado iko juu, wala siombi radhi kwa hilo.

Wewe naona kwenye maelezo yako unajiita udongo kwa sababu huwezi kuanza jambo. Huenda ni kweli, lakini angalia kwanza kinachokushika ni baridi au ni ukavu. Mwenye baridi hana hamu ya kuanza. Mkavu hamu anayo, ila ameshikilia njia moja iliyokwisha kuziba. Hawa wawili hawatibiwi sawa, na nyota haitakuambia wewe ni yupi.

Mdogo wangu alinipigia mwenyewe wiki iliyopita. Tumebishana dakika 20, kelele pande zote mbili, na hakuna aliyekata simu.