Maswali ya Wazazi: Mtoto anacheua kila akinyonya, na usiku halali

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, na sasa ana wiki sita. Alizaliwa na kilo 3.1, na juzi nilipompeleka chanjo alikuwa na kilo 4.3. Namnyonyesha maziwa yangu tu. Kila akimaliza kunyonya hucheua, wakati mwingine maziwa hutoka hadi puani, kisha hujinyonganyonga na kulia. Akiwa kifuani kwangu analala vizuri, lakini nikimweka tu kitandani anashtuka, na ndivyo tunavyokwenda hadi alfajiri. Mume wangu ni dereva wa daladala, huamka saa tisa usiku, na sasa amehamia kulala sebuleni. Mama mkwe anasema ni chango, anataka tumpe maji ya mizizi pamoja na uji mwepesi ili ashibe. Jirani ananiambia nimlaze kifudifudi na kumwekea mto. Duka la dawa wameniuzia dawa ya gesi ambayo sijathubutu kuifungua. Je, mwanangu anaumwa? Na mimi nitalala lini?
Mama wa mtoto mmoja, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera kwa uzazi na pole kwa kukesha. Kabla ya jambo lolote nimezitazama zile namba mbili ulizoniandikia, kwa sababu ndizo zinazojibu swali lako la kwanza. Kutoka kilo 3.1 hadi 4.3 ndani ya wiki sita ni ongezeko la kilo 1.2, yaani wastani wa gramu 200 kwa wiki, na mtoto wa umri huo anayenyonya vizuri hutarajiwa kuongezeka gramu 150 hadi 200. Mtoto anayepoteza chakula chake hawezi kuongezeka hivyo. Maziwa unayoyaona begani huonekana mengi kwa sababu yametapakaa. Mimina kijiko kimoja cha maziwa juu ya kanga uone doa lake litakavyokuwa kubwa. Kadi ya kliniki ni shahidi wa kuaminika kuliko kanga iliyolowa, na kwa ushahidi wake mwanao anakua.

Kinachomsumbua kina sababu ya kimaumbile. Pale umio unapokutana na tumbo kuna msuli unaofunga njia baada ya chakula kupita, na kwa mtoto mchanga msuli huo bado haujakaza, kama mfuko ambao kamba ya mdomo wake haijafungwa vizuri. Tumbo lake ni dogo, chakula chake chote ni maji, na muda mwingi wa siku yuko amelala. Ndiyo maana maziwa hurudi juu kwa urahisi, na yakija kwa kasi hupitia puani pia, jambo ambalo humtisha mama kuliko linavyomdhuru mtoto. Hali hii kwa kawaida huanza kabla ya wiki ya nane, huweza kuzidi hadi karibu mwezi wa nne, kisha hupungua kadiri mtoto anavyojifunza kukaa na kula chakula kizito, na watoto tisa kati ya kumi huwa wameachana nayo kabla ya kutimiza mwaka. Nakwambia mapema kwamba inaweza kuzidi kidogo kwanza, ili wiki mbili zijazo zikiwa ngumu usidhani umekosea.

Tiba iliyo mikononi mwako ni namna ya kumnyonyesha na kumshika. Akishika ncha ya chuchu tu humeza hewa nyingi, kwa hiyo hakikisha ameingiza mdomoni sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu, mdomo wa chini ukiwa umefunuka nje na kidevu kikigusa titi. Ikiwa maziwa hutoka kwa nguvu mwanzoni hadi anapaliwa, egemea nyuma na umlaze juu ya kifua chako ili anyonye kwa kwenda juu, au kamua kidogo kwanza ndipo umpe. Anyonye mara nyingi kidogo kidogo kuliko kusubiri hadi analia kwa njaa, maana mtoto anayelia humeza hewa na tumbo lililojazwa kwa pupa hurudisha.

Katikati ya kunyonya, na tena mwishoni, mbeulishe. Mketishe pajani kwako akiwa ameinama mbele kidogo, taya lake likiwa limekaa kati ya kidole gumba na vidole vyako bila kumgusa koo, kisha mpapase mgongo kwa kiganja kutoka chini kwenda juu. Hakuna haja ya kumpiga kwa nguvu, na asipobeua ndani ya dakika chache usimsumbue zaidi. Baada ya hapo mshike wima kifuani kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kumlaza, bila kumrusharusha, na nepi yake isikaze tumboni.

Sasa kuhusu ushauri wa jirani. Najua anakutakia mema, lakini hapa naomba usimfuate hata usiku mmoja. Mtoto mchanga alazwe chali, usiku na mchana, juu ya godoro gumu lililo sawa, bila mto wala rundo la nguo karibu na uso wake. Kulala kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto usingizini, na mtoto anayecheua hana ruhusa ya pekee katika jambo hili. Hofu ya wengi ni kwamba akicheua akiwa chali atapaliwa, na ukweli ni kinyume chake: anapolala chali, njia ya hewa huwa juu ya umio, kwa hiyo maziwa yanayorudi yangelazimika kupanda mlima ili yaingie kwenye njia ya hewa, wakati akilala kifudifudi njia ya hewa ndiyo inayokuwa chini. Mtoto mwenye afya pia hukohoa au humeza mwenyewe. Kuinua upande mmoja wa godoro hakupunguzi kucheua. Mtoto huteleza, shingo ikajikunja na pumzi ikabanwa. Nchini Marekani vitanda vya watoto vya mlalo wa mteremko vilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 2022 baada ya watoto kupoteza maisha ndani yake.

Kwa nini basi analala kifuani na kushtuka kitandani? Kifuani kuna joto, mapigo ya moyo anayoyafahamu tangu tumboni, na yuko wima kidogo. Usimlaze mara anapofumba macho. Subiri hadi mkono wake ulegee, ukiuinua unaanguka wenyewe. Mteremshe kwa kutanguliza miguu, kisha makalio, kichwa kikiwa cha mwisho, na uache kiganja chako juu ya kifua chake kwa dakika kadhaa kabla ya kukiondoa taratibu. Atashindwa mara nyingine, na hilo halimaanishi kwamba umemdekeza. Mtoto wa umri wake hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini kwa vipande, na mwili wake bado haujatambua usiku ni nini. Msaidie kwa kumfungulia madirisha na kuzungumza naye mchana, na usiku kumnyonyesha kwenye mwanga hafifu bila mazungumzo.

Jambo moja linanitia wasiwasi katika barua yako: kumshikilia kifuani hadi alfajiri ukiwa peke yako. Kusinzia na mtoto kifuani ukiwa umekaa kwenye kochi ni miongoni mwa hali za hatari kubwa kabisa, kwa kuwa anaweza kuteleza akabanwa kati yako na mto wa kochi. Ukihisi usingizi unakushinda, mlaze chali mahali pake hata kama atalia. Mahali pake panapofaa ni kitanda chake mwenyewe, au godoro lake dogo lenye chandarua kando ya kitanda chako.

Mama mkwe wako ni hazina, na sitaki ugombane naye. Mwambie kwa heshima kwamba mtoto huyu, kwa maelekezo ya Shirika la Afya Duniani na ya kliniki zetu, hapewi chochote isipokuwa maziwa ya mama hadi atimize miezi sita, labda dawa aliyoandikiwa. Uji hujaza tumbo lisiloweza kuusaga, humfanya anyonye kidogo, na huweza kumletea kuhara. Mizizi haina kipimo kinachojulikana, wakati ini na figo zake bado ni changa. Tunachokiita chango mara nyingi ni kilio cha kawaida cha watoto wachanga, ambacho hufikia kilele karibu na wiki ya sita, yaani sasa hivi, na hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Mpe mama mkwe kazi inayomfaa mtoto kuliko mizizi: amshike wima baada ya kunyonya saa mbili usiku, nawe uingie kulala hadi atakapotaka kunyonya tena. Ile dawa ya gesi iache ilivyo, kwani haijathibitika kusaidia. Dawa za kupunguza asidi nazo hazipunguzi kilio cha mtoto anayecheua tu, na zinaweza kumwongezea maambukizi. Ziandikwe na daktari kwa sababu maalumu.

Mume wako anahitaji kulala, kwa kuwa anabeba roho za watu barabarani. Lakini jioni anaporudi anaweza kumchukua mtoto kwa saa mbili, na siku asiyoendesha gari anaweza kubeba usiku wote isipokuwa kunyonyesha. Mila ya arobaini ilijua kwamba mzazi hatakiwi kuachwa peke yake, na masikitiko yangu ni kwamba wasaidizi huondoka siku ya arobaini, wakati ambapo kilio cha mtoto kiko juu kabisa. Kilio kikikuzidi hadi mikono inatetemeka, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika chache, uvute pumzi, ndipo urudi. Kumtikisa mtoto huweza kuumiza ubongo wake kabisa. Ikiwa huzuni au kukata tamaa kumedumu zaidi ya wiki mbili, au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mweleze muuguzi siku hiyo hiyo. Huo ni ugonjwa unaotibika.

Hata hivyo, yapo matapishi ambayo hayasubiri. Mpeleke hospitali mara moja akitapika kitu cha kijani, maana inaweza kuwa nyongo na utumbo umeziba. Au matapishi yakiruka mbali kwa nguvu kila baada ya kunyonya, hasa mvulana wa umri wa mwanao, kwani njia ya kutokea tumboni inaweza kuwa imebana na kuhitaji upasuaji. Vilevile damu katika matapishi au choo, joto la nyuzi 38 au zaidi, mwili kuwa wa baridi, kukataa kunyonya, utosi kuvimba au kubonyea, kukojoa chini ya mara sita kwa siku, midomo kuwa ya buluu au pumzi kukatika. Na uzito ukisimama mahali pamoja katika kadi, kila nilichokueleza juu kisikufanye ungoje.

SWALI: Mkunga, mimi ni bibi, nimelea wajukuu wengi. Mtoto anayecheua hutulia akibebwa. Je, wa mwezi mmoja naweza kumfunga mgongoni kwa kanga ili mama yake alale?
Bibi, Muheza

JIBU: Shikamoo bibi, na Mungu akuzidishie kwa kumkumbuka mama. Ni kweli hutulia, lakini mgongoni humwoni uso, na wa mwezi mmoja shingo yake bado. Subiri hadi aweze kukishikilia kichwa mwenyewe, yapata mwezi wa tatu au wa nne. Kwa sasa mfunge kifuani, wima, kichwa kikiwa karibu kiasi cha kuweza kukibusu, kanga ikishika mgongo na shingo, pua na mdomo vikiwa wazi, na kidevu kisigandamane na kifua chake. Usipike wala kumimina chai ukiwa naye hapo. Na ukianza kusinzia wewe, mfungue umlaze chali.