Kabla hujatoa hela ya betri

Juzi dada mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Dada, gari langu nikipiga stata linasema tik tik tik. Fundi anataka laki na themanini ya betri mpya. Nitoe?" Nikamjibu neno moja: usitoe. Kisha nikacheka peke yangu, cheko la uchungu, maana hela hiyo mimi nilishaitoa. Mara mbili, ndani ya miezi minane.

Mimi ni mwalimu, si fundi. Gari langu ni dogo, la Kijapani, automatiki, la mkopo wa miaka mitatu. Najua wengi mnaonisoma mmepita humo humo au mko mbioni, kwa hiyo mnajua uchungu wa gari linaloendelea kukatwa kwenye mshahara huku limelala uani.

Asubuhi ya kwanza lilipogoma, taa za dashibodi zilikuwa zinang'aa vizuri, redio inaimba. Nikigeuza ufunguo, tik-tik-tik-tik. Vijana wa mtaani wakaja kusukuma (automatiki haiwaki kwa kusukumwa, ila jasho lao nililipa). Akaja fundi na nyaya zake za kubusti, yaani za kuazima umeme wa betri ya gari lingine. Nyekundu akabana kwenye chanya ya betri yangu, nyeusi akabana kwenye chuma cha injini. Likawaka papo hapo. "Umeona, mama? Betri imekufa."

Nikaona. Nani asingeona?

Betri mpya ikaingia, gari likawaka wiki kadhaa bila shida. Halafu tik-tik ikarudi. Duka la pili wakaniambia la kwanza waliniuzia feki. Nikanunua nyingine. Nawaambieni ukweli, mwanamke akifika gereji na nguo za ofisini, maelezo yanakuwa mafupi na bei inakuwa ndefu. Hilo bado linaniuma.

Siku iliyonivunja ni ile mama alipotoka Mbeya. Basi liliingia stendi ya Magufuli pale Mbezi saa nne usiku, na mimi niko Kimara nageuza ufunguo. Betri ina wiki sita. Tik-tik-tik. Mama alikaa juu ya gunia la viazi karibu saa nzima mpaka nilipompata mtu wa bajaji. Hakunisema. Afadhali angenisema.

Asubuhi nikaenda kwa jirani yetu, mzee aliyeendesha mabasi ya mikoani miaka mingi. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Hakuigusa hata betri. Akaniambia nipige stata mara tatu, kisha akaniita: "Mwanangu, gusa hapa." Alinionyesha mwisho wa ule waya mweusi mnene unaotoka kwenye hasi ya betri, pale unapofungwa kwa bolti kwenye gia boksi. Palikuwa pa moto. Tukatoa kwanza waya wa hasi kwenye betri, akafungua ile bolti. Chini yake kutu tupu, na unga wa kijani. Msasa wa kipande, spana, dakika kumi na tano. Gari likawaka kama lililoshtushwa usingizini. Alikataa hela, akanywa soda.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi tunapoliwa. Stata ya gari dogo inavuta ampea mia na zaidi kwa mpigo, na umeme wote huo lazima urudi kwenye betri kupitia ule waya mweusi. Kutu ikiziba njia, taa na redio hazijali kwa sababu zinakula kidogo na zina njia yao kwenye bodi. Stata ndiyo inayokufa njaa. Na yule fundi aliponibusti akabana nyeusi kwenye chuma cha injini, aliupitisha umeme kando ya kutu bila kujua. Hapo ndipo pa kubana, maana mbali na betri cheche haikutani na gesi yake. Lakini gari kuwaka kwa kubustiwa si ushahidi kwamba betri imekufa. Na kwa nini betri mpya zilikaa wiki chache? Kwa sababu wakati wa kufunga walizivuta zile nyaya huku na huku, kutu ikaachia kidogo.

Kwa hiyo angalia taa huku unapiga stata. Tik-tik nyingi na taa zinafifia mpaka zinataka kuzima: betri haina chaji, au vichwa vyake vimelegea. Tik-tik nyingi na taa zinang'aa: fuata nyaya nene mpaka mwisho. Tiki moja nzito halafu kimya, taa ziko vilevile: stata yenyewe. Kimya kabisa: jaribu kuweka gia kwenye N kabla hujamwita mtu.

Halafu nunua mita ya kupimia umeme. Yangu niliipata Kariakoo kwa bei ya kilo chache za nyama. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima isome kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikiunguruma isome kati ya 13.8 na 14.5, isipopanda, alteneta haichaji na betri mpya itakufa vilevile. Na kile kipimo ambacho hakuna fundi aliyenifanyia: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, una kutu mahali. Pima kwanza. Fundi akikataa kupima mbele yako, funga boneti uondoke. Pima kwanza, jamani.

Sisemi betri hazifi. Joto la Dar linaziua mapema, ya miaka mitatu imejitahidi. Ila ife kwa mita, isife kwa mdomo wa mtu.

Siku hizi majirani wananigongea mlango asubuhi, nami natoka na mita yangu na kanga kiunoni. Ila mama, alipokuja tena mwezi wa nne, alinipigia akiwa Chalinze kuuliza kama gari linawaka. Nikamwambia linawaka, mama, nakuja kukupokea. Akasema haya, vizuri, lakini yeye ameshaongea na yule mtu wa bajaji.